Kupita anga ya KIA kwa VFR, Kisongo hadi Moshi: kibali kinakupa nini?

Mwanafunzi_Kisongo

Habari za leo wakuu. Niko kwenye mafunzo ya PPL (leseni ya rubani binafsi) kwa Cessna 172 na nimepangiwa safari ya peke yangu ya VFR, yaani kuruka kwa kuona kwa macho, kutoka Uwanja wa Ndege wa Arusha (Kisongo) hadi uwanja wa Moshi, asubuhi, mwezi Julai. Nimechora mstari kwenye chati: kama maili 42 za baharini, karibu mashariki moja kwa moja, na unapita takribani maili 4 kaskazini ya KIA, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Sina jinsi, lazima nipite kwenye anga inayodhibitiwa.

Kinachonitatiza ni hiki. Video nyingi za mtandaoni zinasema ukiita mnara na wakataja alama ya ndege yako, basi umeruhusiwa kuingia. Wengine wanasema hapana, mpaka kibali kitamkwe. Halafu kuna namba za hali ya hewa: kilomita 5, mita 1,500, futi 1,000, futi 1,500. Ipi inatumika wapi? METAR (taarifa ya hali ya hewa ya uwanja) ya KIA ikisomeka vizuri, inatosha kwa safari yote? Na mwongozaji akishanipa kibali na urefu wa kuruka, suala la mawingu na ndege nyingine linabaki kwangu au linahamia kwake?

Asanteni.

Sauti_ya_Mnara

Karibu mdogo wangu. Nijibu la kibali kwanza, hali ya hewa wapo watakaoieleza vizuri zaidi.

Video hizo nyingi ni za Marekani, na kwa Marekani zinasema kweli. Kule, kwenye anga ya daraja D (anga hupangwa kwa madaraja ya herufi), mwongozaji akikujibu kwa alama ya ndege yako unahesabiwa umeshawasiliana naye, unaingia. Huku tunafuata Kiambatisho cha 2 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) na kanuni zilizotungwa juu yake. Kwenye madaraja B, C na D ndege ya VFR inaingia kwa kibali kilichotamkwa na mwongozaji na kurudiwa na rubani. Ukiambiwa "subiri", hata kama alama yako imetajwa herufi zote bila kosa, bado uko nje. Geuza, zunguka nje ya mpaka juu ya kitu unachokitambua ardhini, mpaka uitwe. Kuingia huku ukisubiri ni kosa la kawaida, na halitokani na ukaidi: mwanafunzi anaita amechelewa, mpaka uko dakika moja mbele, masafa yana watu, naye hajapanga pa kuzungukia.

Dawa yake ni hesabu. Kwa noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa) unakwenda maili 1 na theluthi mbili kwa dakika. Ukiita dakika tano kabla ya mpaka, unahitaji maili 8 hivi. Kisongo hadi KIA ni maili 27 tu, sawa na dakika 16, na dakika kadhaa za mwanzo zinaliwa na kupanda na kuagana na mnara wa Arusha. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini amua utaita ukiwa juu ya nini, na ukikataliwa utazungukia wapi. Weka alama zote mbili kwenye chati kwa kalamu.

Maneno ya redio yatakuwa Kiingereza kama ulivyofundishwa, ila mpangilio usikupotee. Wito wa kwanza ni mfupi: jina la kituo, alama yako kamili kuanzia 5H (herufi za ndege za Tanzania), basi. Akikujibu ndipo unatoa mzigo: aina ya ndege, ulikotoka na unakokwenda, mahali ulipo, urefu wako, unachoomba na saa utakayofika mpakani. Mahali paseme kwa umbali na upande kutoka KIA. "Karibu na Usa River" tunaielewa, lakini "maili 14 magharibi" inaeleweka pia na rubani mgeni anayeshuka kuja kutua, ambaye hajui Usa River ni mto au mji.

Kibali kikija kitakuwa na mpaka wa kwenda, njia, urefu, pengine namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), na QNH (mgandamizo wa hewa unaouweka kwenye altimita, kipima urefu). Kirudie chote kwa alama yako. Kurudia QNH si adabu tu. Ukiweka 1019 badala ya 1009, altimita inasoma juu kwa karibu futi 280 na wewe uko chini kuliko unavyodhani. Nafasi ya futi 1,000 niliyoweka mimi mwongozaji kati yako na ndege iliyo chini yako imeshapungua kwa zaidi ya robo, na mimi sijui.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Angalia daraja la anga kwenye AIP (kitabu rasmi cha taarifa za anga) ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: sehemu ENR 1.4 inaeleza madaraja yenyewe, na AD 2.17 ya uwanja husika inakupa mipaka na daraja lake. Kwenye C nakutenganisha na ndege za IFR (zinazoruka kwa vyombo), lakini kati yako na VFR mwenzako nakupa taarifa tu. Kwenye D sikutenganishi na yeyote ukiwa VFR ya kawaida: nakwambia nani yuko wapi, ushauri wa kumkwepa ukiuomba nakupa, na kumwona ni kazi yako. Wingu na mlima havihamii kwangu kwenye daraja lolote. Nikikupa mwelekeo unaokuingiza kwenye wingu, usinyamaze na usitii. Sema mara moja kwamba huwezi, na sababu ni wingu. Nitatafuta njia nyingine.

Mwalimu_wa_Anga

Sauti_ya_Mnara amesema vema. Mimi nichukue namba.

Chini ya futi 10,000 kutoka usawa wa bahari, ndani ya anga inayodhibitiwa, unatakiwa kuona mbele kilomita 5, uwe mita 1,500 kando ya wingu lolote na futi 1,000 juu au chini yake. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu umbali wa kuona unakuwa kilomita 8, vingine havibadiliki. Hizo unazibeba safari nzima. Namba za Marekani ni nyingine (maili 3 za nchi kavu, futi 500 chini ya wingu, 1,000 juu, 2,000 kando), kwa hiyo ukizikuta kwenye video usizikariri.

Futi 1,500 ni ya uwanja. Bila kibali maalumu, VFR hairuki wala haitui kwenye uwanja ulio ndani ya ukanda wa udhibiti (anga inayodhibitiwa kuzunguka uwanja), wala haiingii kwenye mzunguko wake wa kutua, kama dari la mawingu liko chini ya futi 1,500 au umbali wa kuona ardhini uko chini ya kilomita 5. Dari ni tabaka la chini kabisa, lisilofika futi 20,000, linalofunika zaidi ya nusu ya anga. Kwenye METAR ni BKN (limefunika sehemu kubwa ya anga) au OVC (limefunika yote). FEW (machache) na SCT (yaliyotawanyika) si dari, lakini ni mawingu, na zile futi 1,000 na mita 1,500 zinayahusu. Wengi wanapojikwaa ni hapo: wanaona SCT wanasema anga iko wazi.

Swali la METAR ya KIA peke yake: haitoshi, na sababu iko ardhini. KIA iko futi 2,932 kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550. Moshi ni kama 2,800. Mawingu kwenye METAR yanapimwa kutoka uwanja wenyewe. Chukua asubuhi KIA inaposema BKN025, yaani BKN kwenye futi 2,500. Jumlisha 2,932 na 2,500, unapata tako la wingu, yaani sehemu yake ya chini, kwenye futi 5,432. Tabaka hilohilo likitandaa hadi Kisongo, linakuwa juu ya barabara ya kurukia kwa futi zisizofika 900. KIA wanaruka kwa VFR kihalali kabisa, wewe Kisongo huruhusiwi hata kuingia barabarani. Na ikisoma OVC010, tako liko futi 3,932, chini ya usawa wa uwanja wa Arusha: kwako huo ni ukungu ardhini. Wingu halilali sawasawa kama meza, kwa hiyo hesabu hii haichukui nafasi ya METAR ya Arusha, lakini inakuonya mapema kabla hujatoka nyumbani.

Julai imo kwenye miezi yenyewe ya mawingu ya tabaka, Juni hadi Agosti. Kusini mwa Meru na Kilimanjaro yanatanda alfajiri na mara nyingi huinuka jua likipanda, kuelekea saa nne au saa tano. Kumbuka METAR ni saa za UTC: 0700Z ni saa nne asubuhi kwetu. Wapo wanaoisoma 0700Z kama saa moja, wanapanga safari kwa taarifa ya wakati mwingine kabisa.

Urefu wa kuruka. Kanuni ya nusu duara inaanza ukiwa zaidi ya futi 3,000 juu ya ardhi: kwenda mashariki, dira 000 hadi 179, ni elfu witiri na 500, magharibi ni elfu shufwa na 500. Unaelekea karibu 090, kwa hiyo mezani una 5,500, 7,500 na 9,500. 5,500 itupe. Mji wa Arusha uko kwenye futi 4,600 hivi, na juu ya mji unatakiwa uwe futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600 kukuzunguka. Hata kabla ya kuhesabu ghorofa na minara ya simu umeshavunja sheria. 7,500 inafaa, ikiwa tako la wingu liko 8,500 au zaidi, ambayo juu ya KIA ni kama futi 5,570 kutoka uwanjani. SCT050 pale KIA inamaanisha tako kwenye 7,932. Ukiwa 7,500 umebakiza futi 432. Hiyo si VFR, hata kama jua linakuwakia usoni.

Halafu Meru. Kilele cha mita 4,566, karibu futi 14,980, kiko kama maili 7 kaskazini ya mstari wako. Mawingu yakikubana kutoka kusini, mkono utataka kuvuta kushoto kuelekea mlimani. Mtelemko unapanda huku tako la wingu liko palepale. Njia ya kutokea ni kusini au kurudi Kisongo, si kushoto.

Mwanafunzi_Kisongo

Nashukuru sana wakuu, hesabu ya BKN025 imenifungua macho. Naomba niulize mawili. Kwanza, nikikuta tako la wingu liko 7,600, naweza kuomba 6,500 ingawa si "witiri na 500"? Pili, nikiwa njiani kurudi na dari la uwanja likawa futi 1,200, VFR maalumu inaombwaje, na inanifaa mwanafunzi?

Mwalimu_wa_Anga

La kwanza: ndiyo, waweza kuomba. Juu ya Arusha mjini 6,500 iko kama futi 1,900 kutoka ardhini, nusu duara haijaanza kukuhusu. Ukienda mashariki ardhi inashuka chini yako, na ukifika usawa wa KIA urefu uleule umekuwa zaidi ya futi 3,500 juu ya ardhi. Hapo kanuni ingekuhusu, isipokuwa kibali cha mwongozaji kimesema vingine. Ukipewa 6,500 ndani ya anga yake, kaa 6,500. Ukitoka nje ya anga yake, panga upya.

La pili, VFR maalumu ni kibali cha kuruka ndani ya ukanda wa udhibiti wakati hali ya hewa iko chini ya viwango vya VFR. Unaiomba wewe kwa kuitaja. Sharti la chini kwa taratibu za ICAO ni umbali wa kuona ardhini usiopungua mita 1,500, nawe uwe nje ya wingu na unaiona ardhi muda wote. Mwongozaji analazimika kukutenganisha na ndege za IFR, kwa hiyo ndege moja tu ikiwa kwenye njia ya kutua unaweza kuzungushwa nje dakika kumi au zaidi, chini ya wingu linaloshuka. Weka hiyo kwenye hesabu ya mafuta. Akiba ya VFR ya mchana ni dakika 30 kwa mwendo wa kawaida, na zile dakika 30 ni za dharura, hazijawekwa kwa ajili ya kuzunguka.

Inakufaa? Kwa mwanafunzi aliye peke yake, hapana. Fikiria dari la futi 1,200: uko nje ya wingu, labda futi 200 chini yake, yaani futi 1,000 juu ya ardhi, na mashariki ya Kisongo kuna mji ambao unataka futi 1,000 juu ya jengo refu. Hapo katikati hakuna nafasi. Mpango wako ukihitaji VFR maalumu ili ukamilike, ahirisha ukiwa bado chini. Ikikukuta hewani bila kupanga, iombe mapema huku nyuma yako kuko wazi, na mwambie mwongozaji kuwa ni mwanafunzi peke yako. Hilo tamko linabadilisha namna anavyokuhudumia.

Nyongeza kuhusu Kisongo, kwa kuwa utarudi mchana. Kwenye futi 4,550 joto la kiwango, lile ambalo utendaji wa ndege unalinganishwa nalo, ni kama nyuzi 6. Ikiwa 27, umezidi kwa 21, na kila nyuzi moja inaongeza kama futi 120: ndege inajiona iko kwenye futi 7,000 na ushee. Kipima mwendo kitaonyesha noti zilezile, lakini mwendo halisi umezidi kwa asilimia 11 hivi, na duara la kona limepanuka kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ungekuwa usawa wa bahari. Ukikata kona ya kuingia fainali (mstari wa mwisho kuelekea barabara) mahali pale ulipozoea asubuhi ya baridi, unaweza kuipita barabara. Usilaze bawa zaidi ili kuiokoa. Anza kona mapema, na ukiwa umeshaipita, paa tena uzunguke.

Rubani_wa_Mbugani

Niongeze la macho, maana hapo karatasi inaishia.

Asubuhi Kisongo ndipo Caravan (ndege ndogo za abiria) za kwenda Serengeti na mbuga nyingine zinaondoka zikifuatana, na njia ya Arusha kwenda KIA ina ndege za abiria zinazoshuka. Kilomita 5 zinaonekana nyingi kwenye kitabu. Wewe noti 100, ndege ya abiria noti 200 uso kwa uso: mnasogeleana noti 300, sawa na mita 154 kwa sekunde. Kilomita 5 zinaisha kwa sekunde 32. Ndani ya hizo umwone, uelewe anakwenda wapi, na ndege iitikie. Ndege itakayokugonga ni ile isiyohama mahali kwenye kioo. Inakuwa kubwa tu palepale. Basi usikodoe macho sehemu moja. Gawa kioo vipande, simamisha macho kila kipande sekunde moja au mbili, na sogeza kichwa ili nguzo ya dirisha isimfiche mtu. Taa ya kutua iache inawaka ndani ya anga yote ile.

Mita 1,500 kando ya wingu pia inapimika kwa mwendo: kwa noti 100 ni kama nusu dakika. Wingu ambalo ungelifikia ndani ya sekunde 30, uko karibu mno. Sababu si unyevu. Ndege ya IFR inaruhusiwa kuwa ndani ya wingu hilo, na ikichomoza, hizo mita ndizo muda wenu wote wa kuonana.

Ukiambiwa kuna ndege mbele yako, jibu ni moja kati ya mawili: unaiona, au huioni. Usiseme unaiona kwa sababu umeona kitu. Mwongozaji akisikia unaiona, anaweza kukuambia uifuate au upite nyuma yake, na kuanzia hapo umbali ni wako. Ikiwa ni ndege kubwa, KIA zinatua hata Boeing 787, jihadhari na upepo wa mbawa zake. Upepo huo unashuka polepole chini ya njia ya ndege hiyo na kubaki dakika kadhaa. Pita juu ya njia yake, au mbali nyuma. Na kama siku moja utatua KIA kwa VFR nyuma ya ndege kubwa, mwongozaji halazimiki kukuhesabia muda: atakutahadharisha, nafasi unaiweka mwenyewe. Dakika 3 ndizo zinazotumika kwa ndege nyepesi inayotua nyuma ya nzito.

Redio ikifa: kama kibali hujapata, usiingie. Weka 7600 (namba ya redio iliyokufa) kwenye transponda, baki pasipo na mawingu, tua uwanja wa karibu unaofaa, kisha toa taarifa kwa njia ya haraka, simu ikiwemo. Ukikaribia uwanja wenye mnara tazama taa. Kijani isiyopepesa ni tua. Nyekundu isiyopepesa ni mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Kijani ya kumweka ni rudi ujitayarishe kutua. Nyekundu ya kumweka, uwanja si salama, usitue. Mchana unajibu kwa kutikisa mbawa.

Na mpango wa safari, upeleke angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Ukitua mahali pasipo na mnara wa kukupokea, haujifungi wenyewe. Dakika 30 zikipita baada ya saa uliyokadiria bila habari zako, hatua ya kwanza ya tahadhari inatangazwa na watu wanaanza kupiga simu kukutafuta. Namba ya kufungia mpango iandike kwenye karatasi ya magotini, chini ya saa ya kufika, na upige kabla hujafunga kamba za ndege.

Mwanafunzi_Kisongo

Nimeelewa. Nimeweka alama mbili za kuzungukia kwenye chati, moja magharibi ya mpaka na moja mashariki kwa safari ya kurudi. Saa ya kuondoka nimeisogeza kutoka saa mbili hadi saa tano, nione kwanza METAR ya 0700Z ya Arusha na KIA zote mbili.

Sauti_ya_Mnara

Saa tano ni nzuri. Angalia na NOTAM (matangazo ya tahadhari kwa marubani) asubuhi hiyohiyo, si ya jana. Na kwenye ule wito mfupi wa kwanza, ongeza neno moja tu pamoja na alama yako: kwamba wewe ni mwanafunzi.